Mbeya Iko Kwenye Safu ya "Kwingineko"

Jioni moja ya Julai, baridi ile ya Mbeya ya kuvaa sweta juu ya sweta, mtoto wa jirani yangu alibisha hodi akiwa na laptopu kwapani. Yuko mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja hapa jijini, anasoma mambo ya kompyuta. "Shikamoo, anko. Mradi wangu wa mwisho umekamilika, naomba uupitie kabla sijaukabidhi." Marahaba, karibu. Nikamsogezea stuli karibu na jiko la mkaa, akafungua mashine yake.

Mradi ulihusu mauzo ya gemu duniani. Alikuwa na grafu safi kabisa: mstari unapanda taratibu tangu miaka ya 1980, unapaa baada ya 2000, unafika kileleni mwaka 2008, kisha unaporomoka kama mtu aliyeteleza kwenye mteremko wa Loleza wakati wa masika. Chini ya grafu ameandika hitimisho kwa herufi nene: biashara ya gemu duniani inakufa.

"Umepita Mafiati ukija huku?" nikamuuliza.

"Nimepita."

"Mabanda ya gemu umeona mangapi?"

Akacheka, akajikuna kichwa. Alikuwa amepita matatu, na kwenye mojawapo alisimama dakika kumi kutazama mechi ya watu.

Hesabu zake zilikuwa sawa. Faili ndilo lililomponza, na faili lenyewe ninalifahamu, kwa sababu limeshawaponza wanafunzi wengi kuanzia India hadi Brazili. Lina mistari 16,598, kila mstari gemu moja kwa mashine moja. Lilikwanguliwa kutoka VGChartz, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2005 na Brett Walton kwa ajili ya kukisia mauzo ya gemu, likawekwa Kaggle, tovuti ya kugawana mafaili ya takwimu, mwaka 2016 bure kwa kila mtu. Juu kabisa imekaa Wii Sports na nakala milioni 82.74. Gemu iliyouza nakala chache sana haimo, kana kwamba haikuzaliwa. Na kilichohesabiwa humo kwa sehemu kubwa ni maboksi ya dukani. Watu walipoanza kushusha gemu moja kwa moja kwenye mashine zao, faili lilibaki limekodolea macho rafu za duka zinazozidi kuwa tupu. Kilichoporomoka baada ya 2008 kwenye grafu ya kijana wetu ni maboksi. Gemu zenyewe zilikuwa zimehamia njia nyingine.

Lakini mimi jicho langu lilikwama kwenye vichwa vya safu. Kuna safu ya mauzo ya Amerika Kaskazini. Kuna ya Ulaya. Kuna ya Japani, nchi moja yenye safu yake peke yake. Halafu kuna ya nne: Kwingineko. Mbeya tumo humo, tumebanana na Lagos, São Paulo na Mumbai kama abiria wa daladala ya Uyole saa kumi na mbili jioni.

Nilimwuliza kijana kwa nini ametumia faili hilo bovu. Akajibu kwa unyenyekevu kabisa kwamba ndilo pekee alilolipata. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa sababu ni la kweli.

Takwimu nzuri za mauzo ya gemu zipo. Zinakusanywa kila wiki, tena kwa ustadi. Marekani kazi hiyo ilifanywa kwa miaka mingi na kampuni ya NPD, ambayo tangu 2023 inaitwa Circana. Inachukua mauzo kutoka maduka na kutoka kwa wachapishaji wenyewe, inayachambua, kisha inawauzia makampuni kwa usajili. Zamani umma ulikuwa unarushiwa makombo: kila mwezi ilitolewa orodha ya gemu zilizoongoza pamoja na idadi ya nakala. Mwaka 2010 idadi zikaondolewa kwenye kile kinachotolewa bure. Orodha ikabaki. Kwa hiyo leo unaambiwa gemu fulani ni ya kwanza na nyingine ni ya pili, ila kama ya kwanza imemzidi mwenzake kwa nakala elfu moja au kwa milioni moja, hiyo ni siri ya wenye hela. Ni sawa na kuambiwa nani kashinda udiwani bila kutajiwa kura.

Na hata orodha yenyewe ina matundu. Nintendo, kwa mfano, haiwapi Circana mauzo yake ya kushusha mtandaoni, kwa hiyo gemu zake hupangwa kwa maboksi peke yake huku za wengine zikipangwa kwa vyote viwili. Nenda Japani uone tofauti: jarida la Famitsu linachapisha kila wiki mauzo ya maboksi kwa idadi ya nakala, gemu kwa gemu na mashine kwa mashine, na sijasikia kwamba kampuni za Kijapani zimefilisika kwa kuonekana hadharani.

Sasa, siri hii anafichwa nani? Sababu inayotolewa siku zote ni ushindani: mwenzangu akijua nimeuza ngapi, atanimaliza. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mwenzake asingekuwa anajua. Anajua. Kampuni kubwa zote zinanunua ripoti zilezile kutoka kwa wakusanyaji walewale. Gizani anabaki asiyeweza kununua: mwanafunzi wa Mbeya, kijana wa Iringa anayejifundisha kutengeneza gemu usiku kwa bando la kuungaunga, mwenye kibanda cha Makambako anayejiuliza alete CD gani. Takwimu za mauzo ya gemu hazijafichwa kwa washindani. Zimefichwa kwa maskini.

Ushahidi mzuri kuliko wote ulitokea mahakamani San Francisco, Juni 2023, Tume ya Biashara ya Marekani ilipojaribu kuizuia Microsoft isiinunue kampuni ya gemu ya Activision Blizzard. Sony iliwasilisha nyaraka zake, na mambo ya siri yalikuwa yamefutwa kwa kalamu nyeusi ya marka. Karatasi zikapitishwa kwenye skana, na marka haikuwa nzito ya kutosha. Watu wakasoma chini ya wino: gemu ya The Last of Us Part II ilitengenezwa kwa dola milioni 220, Horizon Forbidden West kwa dola milioni 212. Dunia nzima ikajua jioni ileile. Sony ikaendelea na biashara. Mwaka mmoja kabla, kwenye nyaraka zilizopelekwa kwa mamlaka ya ushindani ya Brazili, ilionekana kwamba PlayStation 4 ya Sony ilikuwa imeuza zaidi ya mara mbili ya Xbox One ya Microsoft, na Microsoft yenyewe ndiyo iliyokiri, kampuni ambayo tangu 2015 ilikuwa imeacha kutaja idadi ya mashine zake. Yaani namba ambazo kwa miaka saba zilikuwa haziwezi kusemwa zilisemwa pale kuzisema kulipokuwa na faida.

Hapa niwatoe kidogo kwenye gemu niwapeleke Umalila.

Mkulima wa viazi wa Umalila anaijua lumbesa kuliko wizara yoyote. Gunia linashonewa kilemba juu, linaitwa gunia moja, bei ni ya gunia moja, na Wakala wa Vipimo wakija barabarani kila mtu anajifanya kipofu. Akipakia magunia yake kwenye Fuso usiku, anajua pia jambo la pili: kupakia si kuuza. Viazi vinaweza kufika Dar vikakuta soko limejaa, vikaoza kwenye turubai. Ukimwuliza ameuza magunia mangapi atakuuliza kwanza unazungumzia yaliyoondoka shambani au yaliyoingia hela.

Kwenye gemu mchezo ni huohuo. Kampuni inatangaza imefikisha milioni kumi. Milioni kumi za nini? Mara nyingi ni maboksi yaliyopelekwa madukani, hata kama nusu yamekaa kwenye vumbi. Mara nyingine ni nakala zilizonunuliwa na mteja. Siku hizi kuna lumbesa mpya kabisa: "wachezaji milioni kumi", ambapo ndani yake wamo waliopewa bure, waliojisajili kifurushi cha mwezi wakafungua gemu dakika tano wakafunga, na waliocheza kwenye akaunti ya kaka yao. Hakuna Wakala wa Vipimo kwenye biashara hii. Ukitaka kuona kampuni inapima kwa kipimo gani, angalia kipi kinaipendeza mwaka huo.

Nikisema hivi sitaki nionekane nawatukana wote. Nintendo kila mwaka wa fedha inazitaja kwa jina gemu zake zilizovuka milioni moja, ndiyo maana mtu wa kawaida anaweza kusema bila kubahatisha kwamba Mario Kart 8 Deluxe imepita milioni 60. CD Projekt ya Poland iko kwenye soko la hisa la Warsaw na imekuwa ikitangaza: The Witcher 3 zaidi ya milioni 50 kufikia 2023. Sony inatoa jumla ya gemu zote zilizouzwa kila robo mwaka, na hata asilimia ngapi zimeshushwa mtandaoni, ila jina la gemu mojamoja hulipati mpaka wajisikie. Ni mambo ya hiari. Anayefanikiwa anapiga ngoma, aliyeanguka ananyamaza, na sisi tunaosoma tunajenga picha ya dunia kwa sauti za washindi tu.

Watu wamejaribu kuchungulia. Hadithi ninayoipenda ni ya Sergey Galyonkin, aliyeanzisha Steam Spy mwaka 2015. Steam ndilo duka kubwa la gemu za kompyuta, na wakati ule ukurasa wa kila mteja, isipokuwa aliyeuficha mwenyewe, ulionyesha wazi gemu alizonazo. Galyonkin akawa anachota kurasa kwa bahati nasibu, maelfu kwa maelfu, anafanya kile anachofanya mtu wa kura za maoni: katika watu hawa wangapi wana gemu hii, basi kwa wateja wote ni kadiri hii. Akaweka matokeo hadharani. Kwa miaka mitatu kijana yeyote mwenye intaneti aliweza kujua gemu ya mtu asiye na jina imeuza kiasi gani. Aprili 2018 Valve, wenye Steam, wakabadilisha mpangilio wa faragha ili orodha ya gemu za mteja ifichwe tangu mwanzo, na chemchemi ikakauka. Siwalaumu moja kwa moja, maana faragha ni faragha. Steam Spy ilirudi kwa mbinu nyingine, ikitoa makisio mapana kama mdomo wa kiboko: kati ya 20,000 na 50,000.

Julai mwaka huohuo mtu akagundua tundu jingine. Steam ilikuwa inaonyesha asilimia ya wachezaji waliopata nishani fulani ndani ya gemu, lakini kwa nyuma ilikuwa inatoa asilimia hiyo ikiwa na desimali nyingi kupita kiasi. Ukiwa na desimali za kutosha unaweza kurudi nyuma kihesabu ukajua waliogawanywa ni wangapi. Kama nikikwambia robo ya darasa walifaulu, hujui kitu. Nikikwambia asilimia 27.02702703, ukikaa na kikokotoo utagundua ni wanafunzi kumi kati ya 37. Kwa siku chache dunia ikawa na hesabu kamili kabisa za wachezaji wa maelfu ya gemu, kisha Valve wakakata desimali. Leo waliobaki wanahesabu maoni ya wateja na kuzidisha: wengine kwa 30, wengine kwa 50, kila mtu na mganga wake.

Na kwenye simu, ambako ndiko vijana wengi wa huku wanakochezea, duka la Google linakuonyesha "milioni 100+" kwa gemu ambayo inaweza kuwa imeshushwa mara milioni 101 au milioni 499. Ukitembea masoko ya Dar na kuona magunia yaliyoandikwa "mchele wa Kyela" utadhani Kyela ni bara zima. Ndivyo ninavyozisoma namba hizo.

Sasa niungame, maana siandiki haya kama mtu aliyekaa pembeni.

Mwaka 2019 nilitia akiba yangu kwenye kibanda. Fremu moja karibu na Kabwe, televisheni tatu, PlayStation 3 mbili za mtumba na PlayStation 4 moja niliyoichukua kwa moyo wa kutetemeka. Nikataka kuwazidi wenzangu akili. Wao walikuwa na mpira, mpira, mpira. Mimi nikafungua orodha ya mauzo ya dunia, nikaona Red Dead Redemption 2 iko juu, imevunja kila kitu mwaka 2018. Nikamwagiza mtu Kariakoo aniletee CD yake. Nikaibandika picha mlangoni.

Mteja wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda. Akalipa jero yake, akashika pedi. Gemu ikaanza: theluji, upepo, wanaume wenye makoti wanatembea na farasi usiku, wanaongea Kiingereza cha kuguna. Dakika tano. Dakika kumi. Farasi anatembea. Wenzake nyuma ya benchi wameanza kupiga miluzi. Dakika ya kumi na tano akanigeukia, kwa heshima zote, akauliza: "Anko, huyu anafika lini?"

Nikamrudishia jero yake.

Gemu ile ni nzuri, nimeicheza mwenyewe usiku wa manane kibanda kikiwa kimefungwa. Lakini imetengenezwa kwa mtu mmoja, nyumbani kwake, kwa saa sitini. Kibanda kinauza dakika, tena kwa watu wawili wawili: pedi mbili, mshindi anabaki, aliyeshindwa analipa. Orodha iliniambia ukweli mtupu kuhusu Chicago na London. Kuhusu Kabwe haikuwa na neno, nami sikujua kwamba haina, kwa sababu hakuna mahali ilipoandikwa kwamba Kabwe haimo. Kibanda nilikiuza baada ya miezi kumi na moja. Aliyekinunua bado anacho, na anakula.

Ndipo penye utamu wa jambo hili, na ndipo ninapotofautiana kidogo na wale wanaodai tu "fungueni takwimu" wakaishia hapo. Hata Circana wakifungua milango yote kesho asubuhi, Mbeya haitaonekana. Kipimo chenyewe hakitutoshi. Nakala moja, mteja mmoja: hivyo ndivyo dunia ya mauzo inavyohesabu. CD ya mpira iliyopo kwenye kile kibanda ilinunuliwa mara ya kwanza na mtu Ulaya, ikahesabiwa kwenye safu ya Ulaya. Kisha akaiuza, ikaingia kwenye kontena la mtumba, ikafika Kariakoo, ikapanda basi hadi Mbeya, na hapa imechezwa na mtaa mzima. Kitakwimu, kijana wa bodaboda wa Kabwe ni Mzungu. PlayStation 2 imeuza zaidi ya milioni 155 duniani, uzalishaji wake ukasimama mwanzoni mwa 2013, na wengi wetu huku tuliijua vizuri ikiwa imeshaanza kuzeeka, ikiwa imechipiwa isome CD za kuiga na inaendeshwa na CD zenye jina lililoandikwa kwa kalamu. Hizo hazimo kwenye safu yoyote.

Hata hela zetu halisi zinapotea njia. Nawajua vijana wawili pale Soweto ya hapa Mbeya ambao biashara yao ni kuwanunulia wenzao diamondi za Free Fire na koini za eFootball. Unamtumia pesa kwa simu, yeye ana kadi ya mtandaoni, anakulipia. Kumi wakimtumia, dukani anaonekana mmoja.

Namna ya kuhesabu inaweza kugeuza dunia, na mfano mzuri uko kwenye muziki. Mpaka 1991 chati za albamu za Billboard kule Marekani zilitegemea maduka kupigiwa simu na wauzaji kutaja wanachodhani kinauzika. Mei mwaka huo wakaanza kutumia SoundScan, mfumo uliosoma mauzo moja kwa moja kwenye mashine ya kaunta. Ghafla muziki wa kantri na rap ukaruka juu. Wasikilizaji walikuwapo siku zote. Muuzaji aliyekuwa anapokea simu ndiye hakuwa anawaona.

Nirudi kwa wanaopinga, maana wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Enzi za Steam Spy si watengenezaji wote wadogo waliofurahi. Mtu ametumia miaka mitatu kutengeneza gemu, imeuza nakala 300, na sasa kila anayemwendea kutafuta mtaji ameshaiona 300 hiyo kabla hajakaa kwenye kiti. Aibu yake imetundikwa ukutani. Na makisio yakikosea, yanakosea zaidi kwa wadogo, kwa sababu sampuli yao ni ndogo. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya ushindani, na ndiyo maana sidai kila namba itolewe leo leo. Takwimu ya mwaka mmoja nyuma haimuumizi anayeuza sasa. Takwimu iliyojumlishwa kwa nchi na kwa aina ya gemu haimwaibishi mtu. Hata hizo mbili hatuna.

Usiri nao una wachafu wake. Septemba 2021 mamlaka ya hisa ya Marekani iliitoza App Annie, kampuni ya kukisia mauzo ya programu za simu, zaidi ya dola milioni 10. Kampuni za programu za simu zilikuwa zinaipa mauzo yao halisi kwa ahadi kwamba yatachanganywa na ya wengine yasijulikane ya nani. App Annie ikayatumia kunyoosha makisio yake, kisha ikawauzia makisio hayo wachezaji wa soko la hisa. Namba zilikuwa siri kwa waliozizalisha na bidhaa kwa aliyezihifadhi.

Kwa upande wetu, nchi hii haina utamaduni wa giza kwenye kila jambo kama tunavyopenda kujisema. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inatoa kila robo mwaka idadi ya laini za simu, kampuni kwa kampuni, mpaka mgawanyo wa mikoa. Makampuni ya simu yanachukiana kuliko Simba na Yanga, lakini sehemu ya soko ya kila moja iko wazi na hakuna aliyekufa. Bei za jumla za mahindi na viazi za Mbeya na Iringa zinatangazwa na wizara. Ni kweli pia kwamba marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliwatia watu woga wa kutangaza namba zao wenyewe, mpaka yakalegezwa mwaka 2019, na nahisi kuna watafiti ambao woga huo haujawatoka mpaka leo.

Kuna mlango mmoja ambao sijaona mtu akiugonga. Sheria ya Fedha ya 2022 iliwataka wauzaji wa huduma za kidijitali walio nje ya nchi wajisajili TRA kwa njia rahisi ya mtandaoni: VAT asilimia 18, na kodi ya huduma za kidijitali asilimia 2 ya mapato ghafi. Maana yake sehemu ya hela tunayolipa kwenye maduka ya gemu ya nje inapita kwenye meza ya serikali ikiwa na namba juu yake. Simuombi mtu ataje kampuni gani imeuza nini. Naomba jumla: mwaka uliopita Watanzania wametumia kiasi gani kwenye gemu. Kama fomu haitenganishi gemu na muziki, kisanduku kimoja cha ziada kinatosha. Mtu wa benki anayepelekewa andiko la mkopo na kijana wa Iringa anataka kuanza na kitu kama hicho. Sasa hivi kijana anamwambia "soko ni kubwa" na mtu wa benki anamwambia "nionyeshe", na wote wawili hawana cha kuonyeshana. Mwaka 2016 Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa Aurion, gemu ya Kiafrika kuanzia hadithi mpaka mavazi, baada ya kuchangiwa na watu mtandaoni. Kijana wa Iringa anayetaka kupita njia hiyo ana haki ya kujua inalipa au hailipi kabla hajaacha ajira.

Kijana wetu nilimrudisha na mradi wake. Hakununa sana. Nikampeleka kwa yule aliyenunua kibanda changu, ambaye ana kitu ambacho Circana hawana: kaunta buku. Kila siku ukurasa mmoja, kila televisheni safu yake, kila mechi kijistari, kwenye ya tano anakata mshazari. Umeme ukikatika anachora wimbi. Pembeni anaandika gemu kwa herufi moja moja: M ni mpira, N ni ngumi, G ni magari. Ukurasa wa Jumamosi mmoja niliouona una vijistari zaidi ya 100. Ukurasa wa siku ya mechi ya watani una tundu kubwa katikati, saa mbili hakuna kitu, halafu baada ya filimbi ya mwisho vijistari vimejazana mpaka nje ya mstari, maana kila mtu anakuja kurekebisha matokeo kwa pedi.

Kijana alikaa naye wiki mbili, ananakili kurasa kwenye laptopu, analipia jero kila akitamani kucheza. Siku ya kuutetea mradi mbele ya jopo alinipigia simu akitoka. Mmoja wa walimu aliuliza chanzo cha data ni kipi, kwa sauti ile ya walimu. Akafungua begi, akaiweka kaunta buku mezani, ina doa la chai kwenye jalada na harufu ya mafuta ya chipsi. Mwalimu akaifunua kurasa mbili tatu, akanyamaza, kisha akauliza lile wimbi ni nini.